Ndoa imefungwa, mtihani umebaki: Je, mgeni apimwe kusoma ndipo aingie?

MSICHANA wa Likoni akiposwa na kijana wa Kisauni, wazee wa pande mbili huulizana mengi. Huulizana ukoo, dini, tabia na mahari. Mashangazi, ambao aghalabu ndio wakali zaidi, watataka kujua kama binti amefunzwa jikoni na kama kijana ana kazi ya kueleweka huko bandarini au anazungusha maneno tu. Lakini bado hatujasikia posa iliyovunjika kwa kuwa bibi arusi alishindwa kuandika barua ya maneno thelathini.

Hiyo ni posa ya hapa kwetu. Mposaji akiwa Mjerumani, habari huwa nyingine. Ndoa itafungwa, cheti kitatolewa, pilau italiwa na picha zitapigwa. Baada ya hapo mume atapanda ndege pale uwanja wa Moi, Changamwe, arudi kwao kazini, naye bibi arusi atarudi kwa mamake Mtongwe kushika daftari na kalamu. Kuna mtihani mbele yake, na mpaka aupite, ndoa yake itakuwa ndoa ya simu.

Kuanzia Diani hadi Mtwapa, ndoa za watu wetu na Wazungu si jambo geni. Wala si kina dada pekee, kwani wapo vijana wa kiume pia wanaoolewa, kama watani wanavyosema, na mabibi wa Ulaya waliowazidi umri. Wako wanaozisifu ndoa hizi na wako wanaozisema vibaya. Hilo leo tuliache. Swali tulilo nalo ni hili: je, ni haki nchi kumwambia mgeni anayebisha hodi kwamba kwanza athibitishe anajua kusoma na kuandika?

Alama 60

Ujerumani iliweka sharti hilo Agosti 2007. Tangu wakati huo mume au mke wa kigeni anayeomba viza ya kumfuata mwenzake hutakiwa kuonyesha, angali kwao, kwamba anajua Kijerumani cha kiwango cha mwanzo kabisa, kile kinachoitwa A1. Cheti kinachojulikana zaidi ni cha taasisi ya Goethe, ambayo kwetu Kenya iko Nairobi. Kwa mtu wa Likoni hiyo ina maana ya feri, kisha basi au treni, kisha kutafuta pa kulala, kabla hajaandika hata herufi moja.

Ukiutazama mtihani wenyewe kwa macho ya mtu aliyesoma, utauona mdogo. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Zile sehemu tatu za karatasi huchukua kama saa moja na dakika tano, na mazungumzo robo saa hivi. Katika kuandika, mtahiniwa hujaza fomu fupi, halafu huandika ujumbe wa maneno kama thelathini, labda wa kumwarifu mwenye hoteli siku atakayofika. Aliyemaliza kidato cha nne, akikaza msuli miezi michache, hana sababu ya kushindwa.

Sasa tupige hesabu. Kila sehemu ina alama 25, na ili kupita ni lazima mtu apate 60 kati ya 100. Chukua mama ambaye hakupata kuingia darasani, lakini masikio yake ni makali na ulimi wake mwepesi. Tuseme amepata alama zote za kusikiliza na zote za kuzungumza, hakukosa hata moja. Jumla yake ni 50. Ameanguka. Tena hapo nimempendelea, maana hata maswali ya kusikiliza yameandikwa karatasini, na katika mazungumzo yenyewe kuna kadi zenye neno ambalo ni lazima alisome ndipo aulize swali lake. Kwa hivyo sheria inasema "lugha", lakini anayeumia kwanza ni yule asiyejua kusoma.

Hapa ndipo watu wa pwani wanapopata hasara ya pekee. Kuna watu kwenye fuo za Bamburi, Shanzu na Diani waliojifunza Kijerumani bila kufungua kitabu. Wameokota neno moja leo na jingine kesho, wakiuza vinyago, wakipeleka wageni kwa mashua, wakisuka nywele chini ya mnazi. Mtu kama huyo atabishana bei na Mjerumani, atamtania, atamweleza samaki yupi ana mwiba wa sumu na mwamba upi haukanyagwi. Lugha anayo. Lakini mpe kalamu umwambie aandike alichokisema sasa hivi, uone jasho litakavyomtoka.

Wala si kwamba alikataa kusoma. Elimu ya msingi ya bure ilirudi nchini Januari 2003. Mwanamke aliyezaliwa Kisauni mwaka 1980 alikuwa ameshakua wakati huo. Katika utoto wake kulikuwa na karo, kulikuwa na sare, kulikuwa na fedha za jengo, na nyumba ilipokuwa na watoto sita na mshahara mmoja, mara nyingi aliyebaki nyumbani kulea wadogo zake ni msichana. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2006 ulionyesha kwamba ni asilimia 61.5 ya watu wazima wa Kenya waliokuwa wamefikia kiwango cha chini cha kujua kusoma na kuandika. Waliobaki nje walikuwa watu milioni 7.8. Wanaume walikuwa asilimia 64.2, wanawake 58.9. Hao ndio waliopaswa kwenda ngumbaru, na sote tunajua jinsi neno hilo lilivyofanywa kuwa tusi hata mtu akaona haya kuonekana akiingia darasani na mjukuu wake anatazama.

La kuchekesha, kama si la kuhuzunisha, ni kwamba Ujerumani nayo ina wa kwake. Utafiti uliotolewa huko mwaka 2011 ulikuta watu wazima milioni 7.5 ambao kusoma na kuandika kwao ni kwa shida mno, hawawezi kufuata maandishi ya kawaida. Utafiti uliorudiwa mwaka 2018 ulikuta milioni 6.2, na zaidi ya nusu yao Kijerumani ndiyo lugha waliyonyonya kwa mama zao. Hao hakuna anayewataka watoe cheti ndipo walale nyumba moja na wake zao.

Wanaoutetea wana hoja

Serikali ya Ujerumani ilitoa sababu mbili kubwa. Kwanza, kuzuia ndoa za kulazimishwa, ili binti asisafirishwe kama mzigo na kufungiwa kwenye nyumba ya watu asiowajua. Pili, kumwezesha mgeni kuishi na wenyeji tangu siku ya kwanza. Hoja hizi si za kutupwa jalalani, na anayezicheka hajamwona mtu aliyerudi kutoka huko akiwa kimya.

Fikiri binti amefika mji mdogo wakati wa baridi. Jua linatua alasiri. Majirani wanapita wamejikunyata ndani ya makoti. Mdomo wake ni mumewe, na masikio yake ni mumewe. Dawa ya mtoto ina maandishi asiyoyajua, barua ya shule imekaa mezani siku tatu, na muhuri wa ofisi ya wageni hajui unasema nini. Mume akiwa mwema, mambo yatakwenda. Akibadilika, atamweleza nani? Polisi wa huko huitwa kwa nambari 110, lakini ukishapokewa ni lazima useme kitu. Lugha kwa bibi arusi aliye ughaibuni ni kama ile noti anayoifunga kwenye pindo la leso: huenda asiihitaji mwaka mzima, lakini siku atakayoihitaji hakuna wa kumkopesha.

Kwa hivyo mimi siko pamoja na wanaosema kwamba kumtaka mgeni ajue lugha ni ubaguzi na basi. Ajifunze. Tena mama yeyote mwenye binti anayekwenda huko angemhimiza aanze kesho asubuhi. Ugomvi wangu uko kwenye mambo mawili: ni wapi anapotakiwa ajifunze, na kwa nini kalamu iwe ndiyo kufuli la mlango.

Huko Ujerumani kwenyewe, tangu mwaka 2005, kuna kozi za serikali za wageni, zenye saa 600 za lugha. Ndani ya mpango huo kuna madarasa maalumu ya watu wasiojua kusoma kabisa, ambao huanzishiwa herufi. Wana walimu, wana vitabu, na mwanafunzi akitoka mlangoni anakutana na Kijerumani kwenye basi, dukani na kwa jirani. Yaani dawa iko ndani ya nyumba, lakini mgonjwa anaambiwa apone kwanza ndipo afunguliwe. Akiwa Likoni, Kijerumani atakisikia kwenye simu na kwa mwalimu anayelipwa kwa saa. Ni kama kumfundisha mtu kuogelea mchangani.

Na ile hoja ya ndoa za nguvu ina tundu. Baba au mjomba mwenye ubavu wa kumlazimisha binti kuolewa atashindwaje kumlazimisha kwenda darasani?

Tazama wanaosamehewa

Ukitaka kujua nia ya sheria yoyote, usitazame inayembana tu. Tazama inayemwachia.

Mwanamke wa Kisauni aliyeolewa na Mjerumani anayeishi Berlin atafanya mtihani. Jirani yake aliyeolewa na Mfaransa anayeishi na kufanya kazi Berlin hiyohiyo hataulizwa neno, kwa sababu Mfaransa amefika kwa haki za Umoja wa Ulaya na mkewe humfuata chini ya haki hizo. Mke wa Mmarekani, wa Mjapani au wa Mwaustralia anayeishi Ujerumani husamehewa pia. Sasa huyu anayeulizwa na huyu asiyeulizwa wote wawili wamezaliwa Mombasa, wamekosa shule moja, na huenda wanauza viazi karai mtaa mmoja. Tofauti ni pasipoti ya mume.

Uingereza nayo ina orodha yake. Tangu tarehe 29 Novemba 2010 mume au mke anayeomba kuingia hupimwa Kiingereza cha kuzungumza na kusikiliza. Kusoma na kuandika hakumo katika hatua hiyo, na kwa hilo wanastahili sifa. Lakini raia wa Jamaika, Marekani, Kanada na nchi nyingine kadhaa husamehewa kwa kuwa nchi zao zinahesabiwa kuwa za Kiingereza. Kenya, ambayo Kiingereza ni lugha yake rasmi na watoto wake hufanyia mitihani mingi kwa lugha hiyo, haimo.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1897 koloni la Natal, kule Afrika Kusini, lilikuwa na Wahindi wafanyabiashara ambao walowezi wa Kizungu hawakuwataka. Serikali ya London haikupenda sheria inayotaja rangi ya mtu waziwazi. Basi wakatunga hila: kila anayeingia aandike ombi lake kwa herufi za lugha ya Ulaya. Mfanyabiashara aliyejua Kigujarati vizuri, mwenye daftari za hesabu zilizopangika, akawa hajui kusoma. Lakini sheria hiyohiyo iliwasamehe Wahindi wa mikataba waliokuja kukata miwa. Hao hata kama hawajui alifu wala A, waingie, kwa kuwa shamba linawahitaji.

Mwaka huohuo, hapa Mombasa, meli zilikuwa zikiteremsha vibarua kutoka India kujenga reli iliyopita Changamwe na kupanda bara hadi Ziwa Viktoria. Kati ya mwaka 1896 na 1901 waliletwa karibu 32,000. Hakuna aliyesimamishwa ufuoni akapewa imla. Walitakiwa mikono, si macho ya kusoma. Kama 6,700 hivi walibaki baada ya kazi, na vitukuu vyao wengine leo ni wenye maduka, mahakimu na walimu.

Australia iliiga Natal mwaka 1901 na kuongeza chumvi. Ofisa wa bandari aliweza kumsomea mgeni maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya aliyoichagua yeye ofisa, na mgeni ayaandike. Asiyetakiwa alichaguliwa lugha asiyoijua. Mwaka 1934 mwandishi wa habari Egon Kisch, mtu wa Prague aliyejua lugha nyingi, alipewa imla kwa Kigaeli cha Uskochi kwa sababu siasa zake hazikupendwa. Mahakama Kuu ya huko iliamua baadaye kwamba hiyo haikuwa lugha iliyokusudiwa na sheria. Mtihani wenyewe ulifutwa mwaka 1958.

Marekani nayo ilipitisha sheria yake mwaka 1917, bunge likilishinda katazo la Rais Woodrow Wilson. Kila mtu aliyezidi miaka 16 alitakiwa asome maneno kati ya 30 na 40, ila kwa lugha yoyote aijuayo. Na sheria ile, ambayo wengi waliiona kali, ilimruhusu mwanamume aliyekubaliwa kuingia amlete mkewe, mamake, nyanyake na binti yake asiyeolewa, wawe wanajua kusoma au hawajui. Wamarekani wa 1917 waliwasamehe kina mama. Wajerumani wa 2007 wakawawekea.

Wala usiende mbali hadi Marekani. Tazama ndege za Ghuba zinazowachukua mabinti wa Kisauni na Changamwe kwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia. Yule binti hupelekwa mafunzo ya kupiga pasi na kutumia mashine, hupimwa damu, huchukuliwa alama za vidole, kisha husafiri. Hakuna anayemwambia aandike barua ya maneno thelathini kwa Kiarabu, ingawa kama kuna mtu angefaidika kwa kujua kusoma ni huyo, maana ana mkataba mkononi wenye siku za mapumziko na kiasi cha mshahara. Anakwenda kufagia na kurudi, si kukaa. Kibarua wa miwa wa Natal, kibarua wa reli wa Mombasa na yaya wa Riyadh wote walipita mlango uleule usio na mtihani. Mtihani husimamishwa pale mgeni anapotaka kuketi sebuleni.

Na sisi je?

Ni rahisi kuwanyooshea Wazungu kidole, basi tujitazame na sisi. Kenya ina sharti lake la lugha. Chini ya katiba ya zamani, mgeni aliyeomba uraia alitakiwa awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamtaka mtu aliyeishi nchini kihalali kwa miaka saba aweze kuelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha nyingine ya kienyeji. Soma tena maneno hayo: kuelewa na kuzungumza. Kalamu haikutajwa. Aliyejifunzia Kiswahili sokoni Kongowea ana haki sawa na aliyejifunzia chuoni.

Lakini usidhani kwamba ulimi ulitosha. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa huko Kwale, wamezungumza Kiswahili kwa vizazi. Walikaa bila vitambulisho mpaka Oktoba 2016, walipofunga safari ya maandamano kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Vitambulisho walianza kupewa Februari 2017. Wapemba wa Shimoni, Vanga na pwani ya Kilifi, ambao Kiswahili chao kingemtoa jasho ofisa yeyote wa uhamiaji, walingoja hadi mwaka 2023 ndipo wakatambuliwa kuwa jamii ya Kenya. Lugha walikuwa nayo siku zote. Walichokosa ni ofisi ya kuwasikiliza.

Na babu zetu wenyewe walipimwa wakiwa nchini mwao. Katika uchaguzi wa Februari 1961, Mwafrika wa Kenya alipewa kura kama anajua kusoma au kuandika lugha yake, au amepita miaka 40, au ana wadhifa, au ana kipato cha pauni 75 kwa mwaka. Mwaka 1963 masharti hayo yakaondolewa, kila mtu mzima akapiga kura, na nchi haikuzama.

Nitaongeza neno kwa wanaosema basi tupime ulimi peke yake na shida itaisha. Miaka ya 1990, vita vya Somalia vilipowatupa watu pwani yetu, kambi zilifunguliwa Utange, Jomvu na kwingineko. Walikuwamo Wabajuni na watu wa Barawa, ambao lugha zao ni ndugu wa damu wa Kiswahili cha Mombasa. Baadhi ya Wabajuni walifika Uingereza kuomba hifadhi, na huko wakuu wakatilia shaka: huyu ni wa visiwa vya Somalia au ni Mkenya anayejisingizia? Sauti zao zikapelekwa kwa kampuni ya Sweden iitwayo Sprakab, ambayo wachambuzi wake husikiliza na kuamua mtu anatoka wapi. Lakini mtoto wa Kibajuni aliyekulia Mombasa, akicheza na watoto wa Kisauni, atazungumzaje ila kama watoto wa Kisauni? Mei 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya waombaji wengine wawili waliopimwa na kampuni hiyo, ilionya kuwa ripoti za namna hii zisimezwe nzima bila kupimwa moja baada ya nyingine.

Mahakama zinasemaje

Mahakama za Ulaya zimeona tatizo la kalamu, japo zimelishika kwa mkono mmoja. Kesi iliyozungumzwa sana ni ya mwanamke wa Kituruki, mama wa watoto wanne, ambaye mumewe anaishi Ujerumani. Alifanya mtihani wa A1 na akapita kwa alama 62. Ubalozi ukamnyima viza hata hivyo, ukisema hajui kusoma, kwamba majibu aliyatia alama kwa kubahatisha na kwamba sentensi tatu za barua alizikariri tu. Yaani huyu mama alishindwa na mtihani alioupita! Tarehe 10 Julai 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilimpa haki, lakini kwa msingi wa mkataba wa zamani kati ya Uturuki na Ulaya, ambao sisi hatumo.

Inayotugusa sisi zaidi ni hukumu ya tarehe 9 Julai 2015 kuhusu Uholanzi. Nchi hiyo ilianza mtihani wake mwaka 2006, na mwaka 2011 ikaongeza kusoma. Ada ilikuwa euro 350 kila unapojaribu, na vifaa vya kujifunzia euro 110. Majaji walisema mtihani unaruhusiwa, ila ni lazima hali ya kila mtu itazamwe: umri, afya, uwezo wa fedha, elimu, na kama hajui kusoma. Ada nayo wakaiona kubwa kupita kiasi. Huko Uingereza, Novemba 2015, Mahakama ya Juu iliiacha sheria isimame lakini majaji wakaeleza wasiwasi wao juu ya watu ambao hawana njia ya kujifunza walipo.

Ujerumani yenyewe, mahakama yake kuu ya mambo ya utawala iliamua tarehe 4 Septemba 2012, katika kesi ya mke Mwafghanistani wa raia wa Ujerumani, kwamba mke wa raia asingojeshwe bila kikomo. Akijitahidi mwaka mzima bila mafanikio, au kama juhudi zenyewe haziwezekani pale alipo, viza asinyimwe kwa ajili ya lugha. Mwaka 2015 sheria ikaongezewa kifungu cha hali ngumu kama hizo.

Kifungu hicho kipo, lakini hakimjii mtu kitandani. Ni juu ya mwombaji kuonyesha kwamba alijitahidi. Kwa hivyo dada uliye Likoni au Chaani na daftari lako la herufi, kila risiti ya karo usiitupe. Omba mwalimu atie sahihi siku ulizohudhuria. Ukianguka mtihani, karatasi ya alama iweke pamoja na cheti cha ndoa. Kama ulikuwa na mimba, au ulilazwa, au mwalimu wa karibu yuko ng'ambo ya feri na nauli ya kila siku huna, iandikwe, hata kama wa kuiandika ni mtoto wa jirani, nawe utie kidole.